Mizani mbili za mashabiki: Kwa nini Abby hasamehewi kama alivyosamehewa Joel?

Wahenga walinena kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Aghalabu methali hii hutumika kuwacheka wapenzi waliopofushwa na mahaba, lakini ukiitazama vizuri utaona kuwa ni methali ya uhakiki pia. Jicho lenye ila ni lile lile. Kinachobadilika ni jina analolipa mtazamaji, na jina hilo hutegemea anampenda nani na anamchukia nani. Makala ya leo yanaitumia methali hii kulichunguza suala ambalo limezua ubishi mkubwa miongoni mwa mashabiki wa michezo ya video: mbona mhusika wa kike mwenye kasoro huhukumiwa kwa ukali kuliko mwenzake wa kiume aliyetenda lile lile, na pengine baya zaidi?

Huenda msomaji akashangaa gemu, kama vijana wetu wanavyoziita, zimeingiaje katika ukumbi wa lugha na fasihi. Jibu ni rahisi. Gemu kubwa za siku hizi ni masimulizi. Zina wahusika wakuu na wadogo, zina msuko, zina mbinu rejeshi na taharuki, na mtu huzicheza kwa saa ishirini au thelathini, muda unaotosha kuzisoma riwaya mbili tatu. Fasihi imewahi kuhama kutoka mdomoni hadi kwenye karatasi, kutoka kwenye karatasi hadi jukwaani, kisha kwenye filamu. Sasa imefika mahali ambapo hadhira yenyewe inabonyeza vitufe ili hadithi isonge mbele. Mhakiki anayetaka kujua jinsi hadhira ya leo inavyomhukumu mwanamke hawezi kupita hapo kana kwamba hakuoni.

Nitachukua mfano mmoja na kuuchimba badala ya kutaja mingi juu juu. Mfano wenyewe ni gemu ya The Last of Us iliyotolewa na kampuni ya Marekani ya Naughty Dog mwaka 2013, pamoja na sehemu yake ya pili iliyotoka Juni 2020. Ambaye hajazicheza na hataki kujua kinachotokea, basi na aliweke gazeti kando kwanza, maana nitafichua mengi.

Tuanze na Joel. Mwanzoni kabisa mwa gemu ya kwanza, maradhi ya kuvu yanayowageuza watu kuwa hayawani yanazuka. Joel anakimbia na binti yake, Sarah. Mwanajeshi anawafyatulia risasi, na mtoto anafia mikononi mwa baba. Miaka 20 inapita. Joel amekuwa mlanguzi mwenye moyo mgumu, na anapewa kazi ya kumsafirisha msichana wa miaka 14, Ellie, ambaye mwili wake una kinga dhidi ya maradhi hayo. Wanavuka nchi pamoja na hatimaye Ellie anachukua nafasi ya Sarah moyoni mwake. Wanapofika hospitalini katika jiji la Salt Lake, Joel anaambiwa kwamba ili dawa ipatikane, madaktari lazima wamfanyie Ellie upasuaji wa ubongo utakaomuua.

Joel anafanya nini? Anaua walinzi, chumba baada ya chumba. Anamuua daktari mpasuaji aliyesimama na kisu chake kidogo. Anamuua Marlene, kiongozi wa kundi hilo, ambaye amelala chini akiomba aachiliwe. Kisha anamdanganya Ellie kwamba wapo wengine wengi wenye kinga kama yake na kwamba madaktari wamekata tamaa ya kutafuta dawa. Hesabu mwenyewe: mauaji ya halaiki, matumaini ya dunia kuzimwa, na uongo kwa mtoto anayemwamini. Ellie mwenyewe hakuulizwa anataka nini.

Mashabiki walimpokeaje? Walimpenda. Walijadili kitendo chake kama tatizo gumu la maadili, na wengi wakasema, "Baba yeyote angefanya hivyo." Chongo hiyo ikapewa jina la kengeza.

Sasa tumwangalie Abby. Katika sehemu ya pili, yule daktari aliyeuawa anapewa jina, Jerry, na anapewa mtoto. Mtoto huyo ni Abby, aliyekuwa kijana alipoikuta maiti ya baba yake katika chumba cha upasuaji. Kwa miaka kadhaa anafanya mazoezi, anautunisha mwili wake na kumsaka muuaji. Anampata karibu na mji wa Jackson. Joel, bila kumjua, anamwokoa kutoka kwa kundi la walioambukizwa. Abby anamlipa kwa kumpiga risasi ya mguu, kisha anamuua kwa fimbo ya gofu huku Ellie akitazama na kulia.

Ni kitendo cha kikatili na sina nia ya kukipaka sukari. Lakini zingatia sababu yake. Joel aliua kwa sababu alimpoteza binti na hakutaka kumpoteza wa pili. Abby aliua kwa sababu alimpoteza baba. Ni sababu zinazofanana kama shilingi kwa ya pili: upendo wa mzazi na mtoto, na uchungu wa kufiwa. Iliyo ya mwanamume ilikubaliwa dukani bila maswali. Iliyo ya mwanamke ilirudishwa ikaambiwa ni bandia.

Tena ilirudishwa kwa vishindo. Hadithi ilikuwa imevuja mtandaoni tangu Aprili 2020, kwa hivyo wengi walikuwa wamekata kauli kabla ya gemu kuuzwa. Ilipotoka, wahakiki wa magazeti na majarida waliipa wastani wa alama 93 kwa 100 katika tovuti ya Metacritic, lakini katika siku za kwanza wastani wa alama za wachezaji kwenye tovuti hiyo hiyo ulikuwa chini ya 4 kwa 10. Nyingi ya alama hizo zilitolewa mapema mno kiasi kwamba mtoaji hangekuwa ameumaliza mchezo unaochukua zaidi ya saa 20. Mwezi Julai, Laura Bailey, mwigizaji aliyempa Abby sauti, alionyesha hadharani vitisho vya kuuawa alivyotumiwa na watu wasiomjua. Yaani mtu alitishiwa maisha kwa sababu ya kitendo cha mhusika wa kubuni! Desemba mwaka huo huo, Bailey alishinda tuzo ya uigizaji bora katika The Game Awards kwa kazi iyo hiyo.

Hebu sasa tuwape nafasi wanaopinga, maana uhakiki usiosikiliza upande wa pili ni porojo tu. Wapo wanaosema kwamba hapa hakuna suala la jinsia. Wanadai kuwa ni suala la mpangilio wa hadithi. Joel walikuwa wamemjua kwa miaka saba. Abby alikuwa mgeni, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kifo cha Sarah tulikishuhudia kabla ya dhambi za Joel, kwa hivyo tulikuwa na huruma tayari mfukoni. Kifo cha Jerry tunakijua kwa mbinu rejeshi, baada ya damu ya Joel kumwagika. Waandishi, Neil Druckmann na Halley Gross, walipanga hivyo kimakusudi ili tumchukie Abby kwanza, kisha tulazimike kuvaa viatu vyake kwa karibu nusu nzima ya mchezo. Zaidi ya hayo, wapo waliochoshwa na urefu wa gemu yenyewe na jinsi inavyorudi nyuma siku tatu wakati taharuki imefika kileleni.

Hoja hii ina uzito na haifai kubezwa. Hasira ya kwanza aliyokuwa nayo mchezaji ilikuwa halali. Hadithi iliitaka. Hata Ellie, ambaye ni wa kike, anawatesa na kuwaua watu katika gemu hiyo hiyo, akiwemo mwanamke mjamzito, ingawa Ellie hakujua kwamba ana mimba, na mashabiki wengi walimvumilia kwa kuwa walimlea wao wenyewe, kwa njia ya kusema, tangu 2013. Kwa hivyo mazoea yana nguvu. Hilo nalikubali.

Lakini hasira na hukumu ni vitu viwili. Hasira ni ya dakika ile ushahidi haujaletwa. Hukumu huja baada ya kusikiliza. Na Abby alisikilizwa kwa muda mrefu kuliko wahusika wengi. Tulimwona akiota ndoto mbaya za ile korido ya hospitali. Tulimwona akiwaokoa Yara na Lev, ndugu wawili wa kabila la maadui zake, na kuligeukia jeshi lake mwenyewe kwa ajili yao. Tulimwona akimwacha hai Ellie aliyewaua marafiki zake, kwa sababu tu mtoto alimwita jina. Ikiwa baada ya ushahidi wote huo hukumu ilibaki ile ile ya dakika ya kwanza, basi mpangilio wa hadithi pekee hautoshi kuieleza.

Tuupime upande huo kwa mhusika mwingine aliyemuua kipenzi cha mashabiki. Mwaka 1997 ilitoka gemu ya Kijapani iitwayo Final Fantasy VII. Humo, Sephiroth anamchoma kwa upanga mrefu Aerith, msichana mpole aliyepiga magoti akisali. Kabla ya hapo Sephiroth alikuwa ameteketeza kijiji kizima, akiwemo mama wa mhusika mkuu. Wachezaji walimlilia Aerith na bado wanamlilia. Je, walimchukia Sephiroth? Walimfanya nyota! Amechongwa vinyago, nywele zake ndefu za fedha zinaigwa kwenye maonyesho, na Desemba 2020, miezi michache tu baada ya mwigizaji wa Abby kutishiwa maisha, alitiwa ndani ya gemu ya Super Smash Bros. Ultimate kwa shangwe kubwa.

Msomaji makini ataniambia kwamba Sephiroth ni adui na hatulazimiki kucheza tukiwa yeye. Sawa. Basi mwangalie Kratos wa God of War, ambaye tunacheza tukiwa yeye. Katika gemu ya kwanza ya mwaka 2005, Kratos anamuua mkewe na binti yake kwa mkono wake mwenyewe, ingawa alihadaiwa na Ares, mungu wa vita. Majivu yao yamegandamana na ngozi yake, ndiyo maana ni mweupe vile. Mwaka 2018 alirudi akiwa baba mwenye ndevu anayemfunza mwanawe uwindaji, na mashabiki wakamkumbatia kama mfano wa mwanamume aliyejirekebisha. Mwaka huo huo wa 2018, katika Red Dead Redemption 2, Arthur Morgan anampiga mdeni mgonjwa ili alipe, na kwa kitendo hicho anaambukizwa kifua kikuu. Baadaye mjane wa yule mdeni anaishia kuuza mwili ili aishi. Arthur anatubu kabla ya kufa, na wachezaji wamemlilia hadi leo. Toba ya Arthur ilipokelewa. Ya Abby je?

Ushahidi ulio mzito zaidi kwangu haupo katika ukubwa wa chuki, bali katika maneno yenyewe ya chuki. Mtu aliyekasirishwa na mauaji hutaja mauaji. Lakini sehemu kubwa ya matusi aliyotupiwa Abby haikugusa kitendo chake hata kidogo. Iligusa mabega yake. Eti mikono yake ni minene mno. Eti huyo si mwanamke, huyo ni mwanamume. Eti dunia ikiwa imeharibika hivyo, mwanamke atapata wapi misuli ile? Gemu yenyewe imelijibu swali hilo: Abby anaishi katika uwanja wa michezo uliogeuzwa kambi ya jeshi huko Seattle, penye chakula cha kutosha na chumba cha mazoezi, na ametumia miaka kadhaa akijiandaa kwa kisasi. Lakini nani aliwahi kumuuliza Kratos misuli yake aliipata wapi? Nani alimdai Chris Redfield risiti ya mikono yake katika Resident Evil 5, ambamo anagonga jabali kwa ngumi hadi linasogea?

Na kuna suala la Owen. Abby analala na Owen, ambaye mwenziwe, Mel, ana mimba yake. Ni kosa, na ni la watu wawili. Ila kosa hili linapotajwa katika kumshutumu mhusika, huyo mhusika ni Abby. Owen, aliyekuwa na ahadi ya kuivunja, anasahaulika kama kwamba alikuwa amelala usingizi.

Kwa nini mambo yawe hivi? Jibu la haraka ni kusema "taasubi ya kiume" na kufunga daftari. Si jibu la uongo, lakini ni kama daktari kumwambia mgonjwa kwamba anaumwa. Tunataka kujua maradhi yanafanyaje kazi. Nina sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni ya sarufi. Mwalimu yeyote wa Kiswahili anajua tofauti ya mtenda na mtendwa. Katika lugha yetu wenyewe, mume huoa na mke huolewa. Kitenzi kimeshaamua nani anatenda. Gemu nazo zilianza kwa sarufi hiyo hiyo. Katika Donkey Kong ya mwaka 1981, sokwe anamteka mwanamke na mwanamume anapanda ngazi kumkomboa. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, binti mfalme anatekwa na Mario anakwenda kumtafuta. Hata zilipokomaa, gemu ziliendelea kumtumia mwanamke kama sababu ya safari ya mwanamume. Sarah anakufa ili tumwelewe Joel. Mke na binti wa Kratos wanakufa ili tuielewe ghadhabu ya Kratos. Kwa miongo minne mwanamke amekuwa yambwa ya sentensi. Abby ni kiima. Anapiga, haokolewi. Na aliyepigwa ni baba yetu wa hadithi. Hapo ndipo wengi walipohisi kwamba kanuni imevunjwa, ingawa hawakuweza kuitaja ni kanuni gani.

Sababu ya pili ni ya vidole. Msomaji wa riwaya anatazama. Mchezaji wa gemu anatenda. Joel alipomuua daktari, ni wewe uliyebonyeza kitufe, na mchezo haukukupa njia nyingine ya kuipita meza ile ya upasuaji. Kumlaumu Joel ni kujilaumu, na nyani haoni kundule. Kwa hivyo mchezaji hujitafutia visingizio kwa niaba ya Joel: madaktari hawakuwa na hakika, kundi lile lilikuwa la magaidi, na kadhalika. Anapoletewa Abby na kuambiwa, "Haya, mpe huyu vidole vyako," anakataa. Lakini hebu tukumbuke jambo moja. Wachezaji wa kike wameviazima vidole vyao kwa Mario, kwa Kratos, kwa Joel na kwa Arthur kwa miaka na mikaka, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanajisikia vibaya kuwa mwanamume mwenye dhambi. Wamezoea kuvuka daraja hilo. Wengi wa wachezaji wa kiume hawajawahi kuombwa kulivuka, na walipoombwa mara moja waliona wameonewa.

Sababu ya tatu ni uchache. Wanaume wenye kasoro katika gemu ni wengi kama mchanga wa pwani. Mmoja akiwa muuaji, mwingine mwizi, mwingine mlevi, hakuna anayesema kwamba wanaume wako hivyo. Kila mmoja ni yeye. Mwanamke mwenye kasoro akijitokeza anageuzwa balozi wa jinsia nzima. Akikosea, wamekosea wote, na wapinzani wanasema ameletwa ili kuwafundisha watu siasa za usawa. Akiwa hana kosa, nako haponi. Aloy, shujaa wa Horizon Zero Dawn ya mwaka 2017, ni mwerevu, jasiri na mwenye huruma. Mwendelezo wake, Horizon Forbidden West, ulipokaribia kutoka, mashabiki kadhaa walikaa wakijadili mashavu yake kuwa mapana na vinyweleo vilivyoonekana usoni mwake. Asiye na dhambi alihukumiwa kwa shavu. Mwenye dhambi alihukumiwa kwa bega. Waandishi wa gemu nao wanaona haya yote, na aliye mwoga atajifunza kuwaumba wanawake wasio na ladha, wasiotenda jambo lolote la kulaumiwa. Hiyo ni hasara kwa fasihi, kwa maana mhusika bapa hamfunzi mtu chochote.

Wala tusidhani ni tabia ya wacheza gemu pekee. Katika tamthilia ya televisheni ya Breaking Bad, iliyoonyeshwa Marekani kati ya 2008 na 2013, Walter White anapika dawa za kulevya, anaua na kuiangamiza familia yake. Mkewe, Skyler, anapinga, kisha anajikuta ameingizwa katika uovu huo na kufanya makosa yake mwenyewe. Watazamaji walimshangilia Walter na kumchukia Skyler kiasi kwamba mwigizaji, Anna Gunn, aliandika makala katika gazeti la New York Times Agosti 2013 akieleza jinsi chuki ya mhusika ilivyomfikia yeye binafsi. Miaka saba baadaye Laura Bailey akapitia njia iyo hiyo.

Nasi wa fasihi ya Kiswahili tusijitoe. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya ilipigwa marufuku shuleni kwa muda nchini Tanzania. Rosa analelewa kwa vitisho na kipigo cha baba yake, Zakaria, ambaye ni mlevi. Anapopata uhuru chuoni hajui autumieje, na anaangamia. Muulize mwanafunzi wa sekondari akuorodheshee sifa za wahusika hao wawili. Zakaria atakuwa "mlevi", na huenda mwanafunzi akaongeza kwamba umaskini ulimsukuma. Rosa atakuwa "malaya". Tazama maneno hayo mawili. Ulevi ni jambo analolifanya mtu, na tunasema mlevi anaweza kuacha. Umalaya tunautamka kana kwamba ndio mtu mwenyewe. Tena lugha yetu imekuwa ikilitumia neno hilo zaidi kwa wanawake, huku wanaume walioshiriki tendo lile lile wakiitwa wahuni kwa kicheko au wakikosa jina kabisa. Kasoro ya mwanamume tunaieleza kwa kitenzi: alilewa, aliua, alidanganya. Ya mwanamke tunaieleza kwa nomino, na nomino haina wakati uliopita.

Kwa mtazamo wangu hapa ndipo penye kiini cha suala. Mashabiki hawakukosea kumkasirikia Abby. Walikosea walipobadilisha swali. Kwa Joel waliuliza, "Kwa nini alifanya hivyo?" Kwa Abby waliuliza, "Huyu ni mtu gani?" Swali la kwanza hufungua hadithi, maana jibu lake ni kisa chenye mwanzo, kati na mwisho. La pili huifunga, maana jibu lake ni tusi.

Simtetei Abby ili apendwe. Mtu yuko huru kumchukia mhusika yeyote, na hata kuitupilia mbali gemu nzima kwa kuwa imemchosha. Ninachodai ni mizani iwe moja. Mwalimu anayefunza usawiri wa wahusika, mzazi anayemsikia kijana wake akibishana na wenzake mbele ya skrini, na shabiki mwenyewe anaweza kufanya jaribio dogo kabla ya kutoa hukumu. Kwanza, ataje kitendo kwa kitenzi, pasipo kumtaja aliyekitenda. Pili, ambadilishe mtendaji jinsia na kuuliza kama sababu iliyotolewa ingemtosha. Tatu, aangalie lawama anayotaka kuitoa inagusa nini: kitendo, au mwili, sauti na sura?

Ukimpima Joel kwa jaribio hili, anatoka akiwa muuaji aliyependa. Ukimpima Abby, naye anatoka akiwa muuaji aliyependa. Ubishi wa nani kati yao alistahili kusamehewa ungalipo, tena ni ubishi mzuri, na unaweza kuendelea usiku kucha pasipo mtu kutaja mabega.